Sufuria ya Maharage na Uniti 75

Anayetaka kujua jinsi familia za wafanyakazi wa Kibaha zinavyoishi asianze na takwimu za mishahara. Asimame Mailimoja au Picha ya Ndege kati ya saa 1 na saa 3 usiku, wakati daladala zinashusha watu waliotoka Dar es Salaam, ahesabu ni wangapi wanaopitia kwenye meza za chipsi kabla ya kuelekea nyumbani. Baba amebeba chipsi mayai kwenye mfuko, mama amebeba mihogo ya kukaanga na vipapatio vya kuku. Watu hawa si wavivu, wala hawajasahau mapishi ya mama zao. Wanajua fika kwamba nusu kilo ya maharage ingewashibisha watu watano au sita kwa gharama ndogo kuliko sahani mbili za chipsi. Wanachokikosa ni saa mbili au tatu za kukaa na jiko.

Nayaandika haya kwa sababu mjadala wa nishati safi ya kupikia, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa wimbo wa kila jukwaa, unazungumzia moto na kusahau muda. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa ambako ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Yote haya ni mema na siyapingi. Ila ukiingia katika nyumba iliyopata mtungi huo utakuta jambo ambalo halisemwi jukwaani: gesi inachemsha chai, inakaanga mayai, inapasha kiporo, inapika wali siku ya mgeni. Maharage yanapopikwa, jiko la mkaa linarudishwa uani. Hakuna mama mwenye akili timamu atakayekubali mtungi wa kilo 6 uunguze saa tatu kwa sufuria moja ya makande, halafu uishe tarehe 19 na mshahara ungali mbali.

Kwa hiyo chakula kinachokula mkaa mwingi kuliko vyote ndicho hicho hicho ambacho sera haijakigusa. Ni chakula cha taratibu, na chakula cha taratibu ndicho chakula chetu hasa.

Tuyatazame mapishi ya Pwani yenyewe. Makande ya mahindi makavu na maharage yanataka kulowekwa tangu jana na kuchemka nusu siku. Kisamvu hutwangwa, kikachemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa ili sumu ya asili iliyomo katika majani ya muhogo itoke na mvuke, ndipo kikatiwa tui na kuachwa kwenye moto mdogo mpaka mafuta ya nazi yaelee juu. Mbaazi na kunde za nazi hazipendi kuharakishwa. Ukiharakisha, tui linakatika na mbegu zinabaki ngumu. Kongoro halina habari na mtu mwenye haraka. Ndugu zetu wa Zanzibar wana boko boko, ngano na nyama zinazopikwa kwa saa nyingi mpaka mtu asiweze kuitenganisha ngano na nyama. Waswahili walioko Oman wanaijua shuwa, nyama iliyofungwa majani na kufukiwa katika tanuri la shimoni siku moja au mbili wakati wa Idi, mtaa mzima ukiisubiri. Hata wali wa nyumbani haukuiva kwa moto wa chini peke yake. Ulipaliwa makaa juu ya mfuniko, ukaachwa, na mpishi akaenda kufanya jambo lingine. Huko kupalia, msomaji, ndiko kupika taratibu. Bibi zetu walikuwa na ufundi wa kuliacha chungu lijipikie kabla ya kiwanda chochote kufikiria kuliuza wazo hilo katika boksi.

Na wazo hilo limeuzwa kweli. Chungu cha umeme cha kupikia taratibu, ambacho sasa kinaonekana katika maduka ya Kariakoo pembeni ya majiko ya presha, kina historia ambayo mtu wa Kisarawe angeielewa bila mkalimani. Mmarekani Irving Naxon alipata hataza ya chombo chake mwaka 1940. Alisimulia kwamba alilipata wazo hilo kwa mama yake, aliyekuwa akizungumzia mchuzi wa maharage na nyama waliokuwa wakiupika Wayahudi wa Vilna huko Lithuania. Sabato hairuhusu kuwasha moto, hivyo chungu lilipelekwa kwa mwoka mikate kabla ya jua kuzama siku ya Ijumaa, likakaa usiku kucha katika joto la tanuri linalopoa, likafuatwa Jumamosi likiwa limeiva. Chombo chake kilikuwa cha kupikia maharage na jina lake la kwanza lilitokana na maharage. Mwaka 1971 kampuni ya Rival, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Naxon, ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot, na kikauzika kwa wingi katika muongo ambao wanawake wengi wa Marekani walikuwa wanaingia katika ajira za ofisini na viwandani. Mama anaweka nyama na viazi asubuhi, anakwenda kazini, anarudi jioni chakula kiko tayari.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba dawa ya tatizo la Kibaha ni kuagiza makontena ya chombo hicho. Kile ni chombo cha siku ya kazi ya saa nane. Ukijumlisha na safari, mwanamke wa Chicago aliyekiacha nyumbani saa 2 asubuhi alikikuta saa 12 jioni. Mfanyakazi wa Kibaha anayefanya kazi Posta au Kariakoo anatoka nyumbani saa 10 au 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku, akijaliwa. Hizo ni saa 15 hadi 16. Mwenzake wa Kisarawe anayepitia Pugu na Gongo la Mboto hana nafuu kubwa. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kwa njia nane na tunashukuru, lakini upana wa barabara haujafupisha siku ya mtu anayesubiri daladala kituoni. Chungu kilichowashwa saa 10 alfajiri kikiachwa mpaka saa 2 usiku kitatoa uji, na hapo ni kama umeme haukukatika. Ukikatika saa 4 asubuhi nyumba ikiwa tupu, ukarudi saa 8, nyama iliyokaa vuguvugu saa zote hizo haifai tena kulishwa watoto, hata kama inanukia vizuri na inachemka mbele ya macho yako. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa mwezi Februari 2024 mgao umepungua sana, lakini kupungua kwa mgao si sawa na uhakika wa kumwachia mtu chakula cha familia.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Maharage mekundu, yale tunayoyaita ya Mbeya na jamii yake, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli. Chungu cha taratibu kikiwekwa kwenye moto wa chini huenda kisichemke kabisa, na maharage yaliyopata joto la nusunusu yanaweza kuumiza tumbo kuliko hata yale mabichi. Njia ni kuyaloweka usiku, kumwaga maji yale, kuyachemsha kwa nguvu kwenye gesi au umeme angalau dakika 10, ndipo yahamishiwe kwenye chungu. Mtungi wa kilo 6 unapata hapo kazi yake ya halali: dakika 10 badala ya saa tatu. Magadi tunayotia ili yalainike upesi yanalainisha kweli, ila huondoka na sehemu ya vitamini B ambazo ndizo tulizozifuata.

Katika nyumba yangu, Kibaha, tumejaribu njia zote hizi, na mama watoto ndiye mtafiti mkuu. Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma mita ya LUKU kabla na baada. Jiko la presha la umeme, la wati 1,000, liliivisha nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa kwa chini ya nusu uniti, kwa sababu likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe, na muda mwingi halili umeme. Chungu cha taratibu cha wati 200 kikikaa saa 8 kinakula uniti 1.6. Hesabu hiyo haihitaji shahada: wati 200 mara saa 8, gawa kwa 1,000. Kwa hiyo kwa upande wa umeme, presha inakishinda chungu cha taratibu mara tatu au zaidi. Chungu kina faida yake: hakina haraka, hakipigi kelele, kinaivisha kongoro na supu kwa namna ambayo presha haiwezi kuifikia, na kinafanya kazi usiku watu wamelala. Lakini anayenunua chombo kimoja tu kwa ajili ya maharage anunue presha.

Sasa nifike kwenye uniti 75.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la D1 hulipa Sh100 kwa uniti, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni Sh350. Akiendelea kuzidi huhamishwa kwenda kundi la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni Sh292. Kodi na tozo huongeza takriban asilimia 22 juu ya hayo, ukiacha kodi ya jengo ambayo nayo tunakatwa humo humo kwenye LUKU. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti 2.5 kwa siku. Chukua nyumba ya kawaida ya Kongowe au Mlandizi: friji dogo uniti 1, televisheni 0.4, taa 0.2, feni 0.4. Jumla ni uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi, Sh6,000 kabla ya kodi na tozo. Familia hii ikisikia wito wa Serikali, ikanunua chungu cha umeme na kukitumia siku 12 kwa mwezi, inaongeza uniti 19.2 na kufika 79. Mwezi wa kwanza italipa kiasi cha Sh8,900. Ikihamishiwa T1, uniti zile zile 79 ni Sh23,068. Uniti 19 za maharage zimeipandisha familia kutoka 6,000 hadi zaidi ya 23,000. Je, ni nani atakayeshangaa mama huyo akirudi kwa muuza mkaa?

Wenye jiko la presha wana afadhali, kwa kuwa sufuria 16 za maharage kwa mwezi ni uniti 8 tu na bado wanabaki chini ya mstari. Lakini mtu hanunui jiko la umeme apike maharage tu. Atapika wali, atachemsha maji ya mtoto, na kabla ya mwezi wa pili ameshauvuka mstari. Uniti 75 ziliwekwa ili kumlinda maskini anayewasha taa na redio. Nia ilikuwa njema. Lakini mstari uleule, ukiulinganisha na Mkakati wa 2024, unamwadhibu mtu kwa kutii. Mkono mmoja wa Serikali unamwita mwananchi jikoni, na mkono mwingine umemsubiri mlangoni na bili.

Ninapendekeza mambo mawili, na wanafunzi wangu wa sera ya umma wanaweza kuyapinga kwa hoja. La kwanza ni kuuinua mstari wa D1 kwa nyumba, au kuzihesabu uniti za kupikia nje ya zile 75. La pili, ambalo naliona lina nguvu zaidi, ni bei ya usiku. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme wake unapita katika mkoa huu huu wa Pwani kuelekea kituo cha Chalinze. Baada ya saa 5 usiku watu wamelala, ofisi zimefungwa na mahitaji yanashuka. Chombo gani kinafaa saa hizo kuliko chungu cha wati 200, ambacho mzigo wake kwa gridi ni sawa na balbu chache? Umeme wa usiku ukiuzwa kwa bei ya D1 bila kuhesabiwa katika zile 75, supu na makande ya Kibaha yataiva wakati Taifa limelala, na TANESCO itakuwa imeuza umeme ambao usingepata mnunuzi. Mita zitahitaji kubadilishwa ili zijue saa, na hiyo ni gharama. Mkaa nao ni gharama, isipokuwa huo tumezoea kuuandika katika daftari la msitu.

Daftari hilo liko Kisarawe. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua wilaya hii kwa mihogo, korosho na upepo wa vilima vya Pugu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, yenye mimea na ndege wasiopatikana mahali pengi duniani, na iko umbali mfupi tu kutoka kwenye jiji lenye njaa ya mkaa kuliko yote nchini. Ruvu Kusini nao umekatwa kwa miongo mingi. Gunia la mkaa linatoka huko kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa lori usiku, na sehemu kubwa ya joto lake inaishia katika sufuria zilizoachwa wazi zikifukiza mvuke juu ya jiko lisilo na kinga. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Ofisi iliyolisimamia agizo hilo, ya Makamu wa Rais kwa upande wa Muungano na Mazingira, wakati huo ilikuwa chini ya Selemani Jafo, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kisarawe. Ni tukio la nadra katika siasa zetu: waziri anayezuia mkaa, na wapiga kura wake baadhi wanauchoma. Sisemi hilo kwa kejeli. Mchoma mkaa wa Maneromango hana mshahara wa kusubiri mwisho wa mwezi, na halmashauri nayo imezoea ushuru unaotokana na gunia lake. Anayetaka Kibaha iache mkaa bila kumwambia mtu huyo atauza nini badala yake anahamisha umaskini kutoka barabara moja kwenda nyingine.

Huko vijijini Kisarawe hoja yangu ya umeme wa usiku haimsaidii kila mtu. Wapo wasio na umeme, na wapo wenye umeme wa taa mbili. Kwao, na hata kwetu, ipo njia ambayo haihitaji LUKU, gesi wala ruhusa ya waziri. Ni kikapu.

Kikapu kikubwa cha ukili, au boksi, au ndoo pana. Tandika nguo kuukuu, blanketi lililochakaa, sufi au majani makavu chini na pembeni, unene wa kiganja. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 15, sufuria ikiwa imejaa vizuri na mfuniko haufunguliwi hovyo. Ipue, iweke ndani ya kikapu ingali inatokota, ifunike kwa mto mnene, iache. Joto lililokwisha kulipiwa linaendelea kufanya kazi. Mkaa wa saa tatu unakuwa mkaa wa robo saa. Sufuria ndogo au iliyojaa nusu hupoa mapema na haifai. Na chakula hakikai humo kutwa nzima, kwani baada ya saa saba au nane joto limeshuka na lazima kirudishwe jikoni kichemke tena kabla ya kuliwa. Ndiyo maana kwa mtu wa Kibaha saa za kikapu ni za usiku. Kinafungwa saa 3, kinafunguliwa saa 10 alfajiri, maharage yanachemshwa upya huku chai ikiandaliwa. Sehemu inakwenda kwenye hotipoti za watoto na sehemu inaingia frijini kungoja jioni. Nazi, vitunguu na chumvi huja mwisho, dakika 10 za gesi.

Bibi mmoja wa Masaki, Kisarawe, nilipomweleza habari hizi alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Baba, na huko chuoni mnalipwa kwa kufundisha kufunika sufuria?” Nilimjibu kwamba tunalipwa kwa mambo madogo zaidi ya hilo. Lakini alinionyesha chungu chake cha kunde, kilichoegeshwa kwenye majivu ya moto pembeni ya mafiga, kimefunikwa kwa bamba lenye makaa mawili matatu. Yeye hakuwa na la kujifunza kwangu.

Wazungu wamelizungukia jambo hilihili kwa muda mrefu. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, Mnorwe Johan Sørensen alionyesha sanduku lililojazwa kizuia joto ambalo liliivisha chakula bila moto. Waingereza walihimizwa kutumia masanduku ya nyasi kavu wakati wa vita kuu zote mbili ili kuokoa makaa ya mawe. Afrika Kusini, tangu mwaka 2008, mfuko wa namna hiyo unauzwa madukani kwa jina la Wonderbag. Naona pia mzaha wa historia: Paris ya mwaka 2024, Waziri Mkuu wa Norway alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza pamoja na Rais wetu, na Kibaha yenyewe ina Shirika la Elimu lililoanza mwaka 1963 kwa mradi wa nchi za Nordiki, Norway ikiwamo, kabla ya kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Wanorwe wamepita kwetu na wamepita Paris mara mbili, na sanduku lao la mwaka 1867 halijafika Mailimoja.

Kwa nini halijafika? Jibu langu halitawapendeza baadhi ya wasomaji. Halijafika kwa sababu katika nyumba nyingi zenye mshahara, muda wa maharage umeshanunuliwa kwa bei ya kutupa. Yupo dada wa kazi. Yeye ndiye chungu chetu cha taratibu. Tunaondoka saa 10 alfajiri tukimwachia mtoto, nguo, mkaa na maharage, na tunarudi saa 2 usiku tukilalamika kwamba chumvi imezidi. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpangia mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri Sh60,000 kwa mwezi, na wengi wetu tunajua nyumba ambazo hata hiyo haifiki. Gawa 60,000 kwa siku 30, kisha gawa tena kwa saa 15 anazokuwa wima. Ni Sh133 kwa saa. Kwa bei hiyo, hakuna mashine duniani itakayoshindana na msichana, na hakuna baba atakayejisumbua kushona mto wa kikapu. Pale ambapo dada hayupo, yupo binti wa darasa la sita anayewahi kutoka shule ili awashe mkaa. Kaka yake wa kidato cha pili yuko uwanjani, na hakuna anayeliona hilo kuwa jambo la kujadiliwa.

Ndiyo maana napata shida na kauli kwamba nishati safi “inamkomboa mwanamke”. Ukimpa mtungi na kumwachia saa zilezile, umemwondolea moshi, na moshi ni adui wa kweli, lakini hujamrudishia jioni yake. Chakula cha taratibu kina sifa moja ambayo wanaume wa rika langu hawana tena kisingizio cha kuikwepa: hakihitaji ufundi wala kusimamiwa. Kuloweka maharage saa 12 jioni, kuyachemsha saa 3 usiku, kuyafunga kikapuni na kwenda kulala ni kazi ya dakika 20 kwa jumla. Mtu anayeweza kuangalia mpira wa Simba na Yanga mpaka dakika ya mwisho anaweza kuwasha gesi wakati wa mapumziko. Nimeifanya kazi hiyo. Hakuna aliyenicheka isipokuwa shemeji yangu, naye alikula.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wa halmashauri zetu mbili, ombi langu ni dogo kuliko Mkakati wa miaka kumi. Maafisa maendeleo ya jamii wanapokwenda kukabidhi mitungi ya ruzuku Kisarawe na Kibaha Vijijini, waende na sufuria, maharage yaliyolowekwa na kikapu kimoja, wachemshe mbele ya watu kwa dakika 15, wafunge, waendelee na hotuba za viongozi. Hotuba zetu zinatosha kabisa kuivisha maharage.

Na kuhusu uniti 75: bei za umeme hazibadilishwi na EWURA bila mkutano wa taftishi, ambao kwa utaratibu ni wa wazi na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema. Mara nyingi viti vya mbele hukaliwa na wenye viwanda, na mwenye sufuria hayupo. Mkutano ujao utakapotangazwa nitaandika hapa tarehe na ukumbi. Wenye mita za D1 waliohamishiwa T1 baada ya kununua jiko la umeme waje na risiti zao za LUKU za miezi mitatu kabla na mitatu baada, nami nitakuja na zangu.